Kusuka kikapu cha mzabibu wa Assyrtiko

Karibuni. Mzabibu huu ni Assyrtiko, zabibu nyeupe ya Santorini, Ugiriki. Hauna nguzo wala waya. Unasukwa uwe kikapu kinacholala chini. Wenyeji hukiita kouloura.

Kazi hii ni ya Januari na Februari, mzabibu ukiwa umelala. Subiri siku yenye unyevu, ikiwezekana siku moja baada ya mvua. Ufito mkavu ukiukunja, unakatika.

Chagua fito nne hadi sita za msimu uliopita, zilizokomaa, nene kama penseli. Nyingine zote kata karibu na shina. Tamaa ya kubakiza nyingi ndiyo inayoharibu: ardhi hii kame haiwezi kuzilisha, na vichala vitabaki vidogo.

Sasa tazama mikono. Wa kushoto unashika kitako cha ufito, using'oke. Wa kulia unaukunja kidogo kidogo huku ukiusokota. Ukisikia mlio mwembamba wa nyuzi, endelea. Ukisikia "ta!", simama. Kama gome la upande mmoja bado limeshika, ufunge kwa kamba, mara nyingi utapona. Upitishe juu ya duara la mwaka jana, kisha chini yake, ncha uichomeke ndani. Unaofuata uelekee upande uleule.

Vichala vitaning'inia ndani ya kikapu, majani yakivifunika. Bila hivyo, meltemi, upepo wa kiangazi, huvichapa kwa mchanga na jua likaviunguza.

Kati ya shina na shina acha takriban mita mbili na nusu. Shina likifa, usinunue mche: fukia ufito mrefu wa jirani yake, ncha ibaki nje, wala usiutenganishe na mama mpaka uwe na mizizi yake. Hapa inawezekana kwa sababu udongo wa volkano hauna chembe za mfinyanzi za kutosha kumfuga filoksera, mdudu anayekula mizizi.

Ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga, ukitokea, nyunyiza unga wa salfa asubuhi. Katika joto kali salfa huunguza majani.

Vuna Agosti. Assyrtiko hubaki na uchachu wake hata ikiiva vizuri, ila usiiache ikasinyaa.

Baada ya miongo kadhaa maji husafiri mbali mno ndani ya shina kuukuu na mavuno hushuka. Hapo kikapu chote hukatwa usawa wa ardhi, na jicho lililolala shinani huchipua. Chipukizi hilo ndilo la kuanza kusuka upya.