Kabla ya Kununua Mapipa

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi wa mikokoteni, maana leo ni siku ya kazi na anayeketi hapa anapoteza mapato.

Sheria niipitie haraka, haina utata. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza. Kuzizoa, kwa mujibu wa Katiba, ni kazi ya kaunti. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Basi tusipoteze asubuhi tukiulizana kama tutatenga. Tuulizane lori litakuja vipi.

Mazungumzo haya huanza na mapipa ya rangi. Yananunuliwa, watu wanapigwa picha, yanagawiwa. Haya, twendeni Kaptembwa au Rhonda, kwenye ploti ya vyumba ishirini. Mama ametenga vizuri: maganda ya viazi na vikonyo vya sukuma huku, katoni na chupa kule. Lori linafika, vijana wanarusha vyote ndani, safari ya Gioto, kwenye jaa la jiji. Wiki ijayo hatatenga tena, na mimi simlaumu.

Hebu tazameni kinachotokea mle ndani. Katoni kavu ina mnunuzi. Ikishalowa mchuzi wa maharagwe na maji ya samaki, imekwisha. Chupa iliyopakaa mafuta lazima ioshwe, na bei ya mtungi wa maji mnaijua. Maganda nayo, yakichanganyika na vigae vya chupa na betri za tochi, hakuna mkulima wa Bahati atakayeyakubali kama mboji. Hasara inatokea kwenye lori, kabla ya jaa. Wanaochakura kule Gioto wanahangaika kuokoa kitu ambacho asubuhi kilikuwa kizima. Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya Menengai, wasichokiokota kinasombwa kuelekea Ziwa Nakuru.

Ninachopendekeza ni kugawa siku. Taka mbichi zizolewe Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu haziwezi kungoja. Zitanuka na nzi watajaa. Kavu zinaweza kungoja hadi Jumamosi. Mwenye lori moja ataweza bila kununua la pili. Vyombo? Ndoo kuukuu ya rangi na gunia vinatosha. Mwenye ploti atoe nafasi kando ya geti, na keateka ajue ratiba. Akiikosea yeye, vyumba ishirini vimekosea. (Nepi, najua mtaniuliza: si za kuoza wala za kuuza. Zifungwe peke yake, ziende jaani.)

Na hiyo Jumamosi isipewe kampuni za kuzoa taka. Ipewe vikundi vya waokotaji, kila kimoja na mtaa wake. Tukiwapa wenye malori katoni na chupa safi, wale wa Gioto wataachiwa nini? Wao ndio wanaojua chupa ipi inanunuliwa na ipi hairudi kokote, na ujuzi huo hatujawahi kuulipia hata shilingi.

Kampuni zitasema tunazinyang'anya. Lakini mkataba wa kawaida mtaani ni ada ya kila mwezi kwa nyumba, na ada hiyo haipungui gunia la kavu likichukuliwa na mtu mwingine. Mzigo wao ndio utapungua, na mafuta ya lori vilevile. Naona mikono miwili imeinuliwa pale nyuma, upande wa wenye malori. Tuanze na hao.