Umekaliwa Tumboni: Mhadhara kwa Anayeanza Jiu-jitsu

Ndugu zangu, anayeanza jiu-jitsu ya Brazili, mchezo wa kukamatana na kukabana chini, huja na hamu ya kupiga kabari. Miezi ya mwanzo, hata hivyo, huishia chini, umelala chali, mwenzako amekukalia tumboni, magoti yake yamekubana mbavu. Kwenye mashindano mkao huo humpa alama 4, wakati kumwangusha mtu ni alama 2 tu. Basi tuanze na kutoka hapo.

Ukikaliwa, mikono hutaka kunyooka imsukume kifuani. Izuie. Mkono ulionyooka ndio anaoungojea: ataukumbatia, ajizungushe, aubane kati ya mapaja na kuinua nyonga, na kiwiko chako kitalazimishwa kukunjukia upande usio wake. Viwiko vibane mbavuni, viganja vilinde shingo.

Njia ya kwanza ya kutoka huitwa upa. Akileta mkono wa kulia shingoni mwako, ushike kwa mikono miwili, kiganja kimoja kwenye kifundo cha mkono na kingine nyuma ya kiwiko, kisha ubane kifuani pako. Mguu wako wa kushoto uvushe nje ya wayo wake wa kulia, uukanyagie ndani asiweze kuuchomoa. Sasa vuta visigino hadi karibu kugusa matako, sukuma ardhi, inua kiuno juu kabisa mpaka uzito wako ubaki kwenye mabega na nyayo. Hapo ndipo unageuka, ukitazama juu ya bega lako la kushoto.

Juu kwanza, kisha pembeni. Wengi hubingiria bila kuinua, na uzito wake wote unabaki umekaa palepale kiunoni; wanachoka, yeye hata hajatikisika. Wengine hukamata mkono wakasahau mguu. Hapo aliye juu atatega goti au wayo nje na kusimamisha mbingirio. Ukishika mkono wa upande mmoja na mguu wa upande mwingine, ni kama hujashika kitu, kwa sababu kila upande bado una nguzo.

Upa ikifaulu utajikuta juu, katikati ya miguu yake. Nyoosha mgongo, viwiko ndani, usiweke viganja kwenye mkeka.

Akiwahi kuchomoa mkono na kuutegemeza chini, usirudie kwa nguvu zaidi. Amesogea mbele, na nyonga zake zimekuwa nyepesi. Lala ubavu, sukuma goti lake kwa kiwiko, rudisha matako nyuma kama uduvi anavyojikunja, upenyeze goti lako kwenye mwanya. Mbinu hizi mbili huandamana. Moja humfungulia mwenzake mlango, na kwangu huo ndio utamu wa mchezo huu.

Ukikabwa, gonga mwili wa mwenzako mara mbili au zaidi, mahali atakapohisi; ndiyo ishara kwamba umeshindwa, akuachie. Mikono ikiwa imefungwa, piga kelele. Gonga mapema: kabari iliyokaa sawasawa hubana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu huweza kuzimia katika sekunde chache.

Mazoezini, fanya upa 10 kila upande mwenzako akiwa ametulia. Kisha dakika 3 mkianzia mkao huohuo, yeye akishindana kwa nusu ya nguvu zake. Ukitoka, anakukalia tena.