Vumbi Jekundu na Verni Nyembamba: Kutunza Motokari Mpya Nyumbani

Wababa na wamama, vijana, jambo yenu wote.

Kila mmoja ajing'oe unywele mmoja, aushike kati ya vidole viwili. Unene wake ni kama mikroni 70, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sasa verni ya motokari, ule utando angavu wa juu unaoifanya ing'ae, mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na mikroni 35 hadi 50. Haifiki unene wa huo unywele mlioushika. Ukijumlisha tabaka zote, tangu bati tupu hadi juu kabisa, utapata mikroni 100 hadi 150 hivi. Na ni hiyo verni iliyobeba dawa ya kuzuia miale ya jua. Ikiisha, rangi ya chini inapauka, na hakuna nta itakayoirudisha. Haioti tena kama kucha. Kila anayepiga polishi anaipunguza kidogo, hata fundi hodari.

Kwa hiyo ukinunua motokari mpya, umenunua akiba ya mikroni 40. Swali la leo ni namna ya kutoimaliza.

Hapa Lubumbashi adui wa kwanza anafahamika: vumbi jekundu la kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa mvua hainyeshi, na vumbi linakaa juu ya kila kitu. Wekundu wake unatokana na chuma kilichooza ndani ya udongo, lakini kinachokwaruza ni chembe za kwazi, madini ya mchanga, zilizomo humo, ambazo ni ngumu kuliko wembe wa kisu. Vumbi likitulia juu ya kapo, yaani kifuniko cha injini, halina madhara yoyote. Linaweza kukaa wiki nzima. Madhara yanaanza pale mtu anapokuja na kitambaa kikavu.

Na mtu huyo mara nyingi ni mtu mwema. Ni sentineli, mlinzi wa nyumbani, anayeamka saa kumi na moja asubuhi na kupangusa motokari ya patron kwa shati la zamani ili aikute safi. Au ni kijana wa parkingi anayeruka na ufagio wa manyoya kabla hujazima injini. Baada ya miezi sita, simama jioni jua likiwa chini, au washa tochi ya simu karibu na mlango mweusi: utaona duara jembamba elfu moja kama utando wa buibui. Ndiyo hizo asubuhi za kupangusa. Mwambieni sentineli kwa heshima, mbele ya chai yake: motokari hii haiguswi ikiwa kavu. Mpeni kazi ya matairi kama anataka kazi.

Turudi siku ya kwanza. Muuzaji atataka kuikabidhi ikiwa imeoshwa inang'aa. Mwombe asiioshe, na hilo liandikwe kwenye karatasi ya kuagiza. Uoshaji wa haraka wa makabidhiano, sponji moja na ndoo moja kwa motokari kumi, ndio unaoleta mikwaruzo kabla hata hujapata ufunguo. Kumbukeni pia imetoka wapi. Nyingi zinashushwa Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinakata Zambia nzima hadi mpakani Kasumbalesa, na huku zinafika zikiwa na vumbi la nchi tatu. Ikague ikiwa chafu vilevile kwa mikunjo na mabonde, kisha uioshe mwenyewe.

Kama imefunikwa kwa plastiki nyeupe ya safari, itoe mapema. Jua likiipika wiki kadhaa, gundi inashikana na verni. Itoe kivulini, bati likiwa na uvuguvugu na si la moto, ukiikunja kurudi nyuma yake yenyewe polepole, si kuivuta juu kuelekea kwako. Gundi iliyobaki inaondoka kwa petroli ya taa (mafuta ya taa) kidogo kwenye kitambaa laini, halafu unaosha sehemu hiyo kwa shampuu palepale. Si esansi ya kutia kwenye injini. Esansi inapausha plastiki na mipira ya milango.

Kuosha sasa, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu asilimia kubwa ya uharibifu iko hapa na si penginepo.

Tafuta kivuli, na uguse kapo kwa kiganja: kama ni la moto, subiri. Magurudumu yanatangulia, na ndoo yake na brashi yake, kwa sababu vumbi la breki ni chuma na hutaki likutane na mlango. Halafu suuza motokari nzima kwa maji matupu kuanzia juu ya paa kushuka. Ukiwa na pampu ya presha, kaa sentimeta 30 au zaidi kutoka kwenye bati, mdomo uliopanuka wa digrii 25 au 40, na usielekeze maji moja kwa moja kwenye mipira ya milango wala kwenye ukingo wa rangi uliokwisha kubanduka. Umeme ukikatika, na mnajua unakatika, pompa ya kunyunyizia mimea ya lita 5 inafanya kazi nzuri. Ila iwe mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya magugu usiilete karibu.

Kwenye hiyo pompa tia shampuu ya motokari na maji, nyunyiza kila mahali, acha dakika 3 hadi 5 bila kuiacha ikauke, kisha suuza tena. Mpaka hapo mkono haujagusa rangi, na mchanga mwingi umekwisha kuanguka. Hiyo ndiyo faida yote ya zoezi hili.

Baada ya hapo ndoo mbili za lita 15. Moja ina shampuu, kwa kawaida mililita 30 hivi, lakini fuata chupa yako. Ya pili ina maji tu. Wavu wa plastiki chini ya kila ndoo unazuia mchanga usipande tena. Tumia glavu ya mikrofaiba, si sponji, maana sponji ni bapa na inabana chembe kati yake na verni, wakati nyuzi za glavu zinazimeza. Osha paa, vioo, kapo, nusu ya juu ya milango, nusu ya chini, na bampa mwisho kabisa. Kila kipande kimoja, glavu inaingia kwanza ndoo ya maji, inasuguliwa kwenye wavu, inakamuliwa, ndipo inarudi kwenye shampuu. Pitisha kwa mistari iliyonyooka, si kwa duara. Glavu ikianguka chini, imekufa kwa siku hiyo. Msiisuuze mkairudisha, chukueni nyingine.

Najua mtu anawaza savoni ya unga. Savoni ya nguo ina alkali kali, inang'oa nta na kukausha mipira. Savoni ya vyombo vilevile inavua ulinzi. Ikiwa kusudi lako ni kuvua nta ya zamani kabla ya kuanza upya, basi mara moja inakubalika, si kila wiki.

Hesabu ya maji kwa asiye na bomba: bido (madumu) mbili za lita 20 za kusuuzia mwanzo, lita 30 kwenye ndoo mbili, bido mbili za mwisho. Lita 110, yaani hata bido sita hazifiki.

Kukausha kunasahauliwa, na mji huu haukusamehe. Visima vingi vya hapa vinachota kwenye mwamba wa dolomi, maji yake yana chokaa, na tone likikauka juani linaacha duara jeupe. Tandaza taulo nene ya mikrofaiba juu ya bati lililolowa, ipapase, inyanyue. Usiisugue. Alama mpya za chokaa zinatoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikae dakika moja, isuuzwe sana. Zilizokaa mwezi mmoja zinakuwa zimeshatoboa verni, na hapo hakuna dawa ila polishi, yaani akiba inakatwa.

Baada ya kuosha, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, pitisha ncha za vidole juu ya kapo. Mfuko unakuza hisia. Kama bati ni la kukwaruza kama karatasi ya msasa laini, kuna vipande vya chuma na uchafu uliojikita. Dawa ya kuyeyusha chuma inapuliziwa bati likiwa baridi, inageuka zambarau panapo chuma, inasuuzwa baada ya dakika 3 hadi 5 kabla haijakauka. Inanuka vibaya; fanyeni nje, na glavu. Kisha udongo maalumu wa kusafishia karoseri, yaani bodi ya motokari: kata kipande cha gramu 50, kibonyeze kiwe bapa, lowesha eneo la sentimeta 50 kwa 50 kwa maji yenye shampuu nyingi, uteleze bila kukandamiza. Ukisikia sauti ya kukwama, maji hayatoshi. Kunja upande safi mara kwa mara. Udongo ukianguka chini unatupwa, hata kama ni mpya, hata kama ni ghali.

Hapo wengi wanataka kupiga polishi. Motokari mpya isiyo na mikwaruzo haihitaji polishi. Na ile hadithi ya kusubiri miezi miwili rangi ikauke ni ya rangi ya garaji. Rangi ya kiwandani inaokwa kwa digrii 140 hivi, imekwisha kuiva siku ile inapotoka. Mlango uliopigwa rangi upya hapa mjini ndio unaosubiri siku 30 hadi 60 kabla ya nta.

Ulinzi uko wa aina tatu. Nta ya karnauba inapakwa kirahisi, inadumu wiki 6 hadi 8. Nta ya kutengenezwa kiwandani inafika miezi 4 hadi 6, na kwa watu wengi waliopo hapa ndiyo ninayoipendekeza: ipake mwanzo wa kiangazi na mwanzo wa mvua, basi. Seramiki, dawa ya majimaji inayokauka ngumu kama kioo, inakwenda mwaka mmoja hadi mitatu, lakini inaadhibu asiye na subira.

Anayeitaka afunge garaji, amwagie sakafu maji vumbi litulie, afute kila kipande kwa alkoholi ya asilimia 70 iliyozimuliwa nusu kwa nusu. Joto liwe kati ya digrii 10 na 25. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi hapa ni ya baridi kali, kwa hiyo anzeni saa nne. Matone 6 hadi 8 kwenye kitambaa cha kupakia, eneo la sentimeta 50 kwa 50, kwa mapana kisha kwa marefu. Subiri utando ugeuke rangi kama mafuta juu ya maji, dakika 1 hadi 3, ndipo ufute kwa mikrofaiba fupi, kisha kwa ya pili iliyo safi. Angalia kwa tochi kutoka pembeni. Utakaloliacha bila kufuta litakauka kama doa jeusi, na kesho yake linatoka kwa polishi tu. Mililita 30 zinatosha motokari ya kawaida. Maji yasiiguse saa 24, shampuu siku 7. Vitambaa vya kupakia vinakauka kama kioo. Vitupeni siku hiyohiyo.

Seramiki haizuii jiwe. Anayekwenda Likasi au Kolwezi nyuma ya malori ya madini anajua mawe yanavyoruka. Kwa hilo kuna filamu ya plastiki ya poliuretani, mikroni 150 hadi 200, kwenye bampa, ncha ya kapo na vioo vya pembeni. Bampa mwachieni fundi. Nyumbani mnaweza kubandika vipande vidogo: vikombe vya vishikio vya milango, kingo za milango, na juu ya bampa ya nyuma mahali mizigo inapoburuzwa. Na kukaa nyuma ya lori kwa mita 100 hakugharimu chochote.

Bashi, yaani turubai ya kufunikia? Juu ya motokari yenye vumbi, upepo wa mwezi wa nane ukiitikisa, hiyo ni msasa wa ukubwa wa motokari nzima. Ifunike ikiwa safi na kavu, au iache wazi.

Miembe mnaijua. Utomvu wake, mavi ya ndege, kumbikumbi wa mvua za kwanza wanaopondeka kwenye bampa: vyote vina asidi au sukari, na jua linavipika. Weka kitambaa kilicholoa dakika 10, kinyanyue, usikwangue.

Ndani nitasema moja tu. Toeni nailoni kwenye viti. Najua inapendeza kuonyesha kwamba motokari ni mpya, lakini inafungia jasho, kitambaa kinaota ukungu, na kama kiti kina mfuko wa hewa ubavuni, nailoni inaweza kuuzuia usifunguke vizuri.

Mama pale nyuma ameuliza: jiwe limekwisha kupiga, bati linaonekana, afanye nini? Mama, usisubiri mvua. Msimbo wa rangi uko kwenye kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya kapo. Nunua chupa ndogo ya rangi hiyo na ya verni. Kama kutu imeanza, ikwangue kwa ncha ya msasa namba 1000. Safisha kwa alkoholi, acha ikauke. Chovya kijiti cha meno, dondosha tone dogo katikati ya shimo, liache litambae lenyewe hadi ukingoni. Subiri nusu saa, tone la pili. Tabaka mbili au tatu nyembamba, na siku inayofuata verni. Brashi iliyomo ndani ya kifuniko cha chupa usiitumie, ni nene mno; itakuachia kipele kikubwa kuliko jiwe lenyewe.