Sindano ya Kupunguza Mwili: Tuzungumze Figo na Moyo

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Hapa Houston ni jioni, nimetoka kazini sasa hivi. Tangu niweke ile video ya bei za dawa, napokea ujumbe wa aina moja: "Dada, nitumie sindano ya kupunguza mwili, harusi ni Desemba." Wa harusi nitawafikia. Kwanza nataka wale ambao hamjaniomba kitu: mwenye baba wa kisukari, mwenye mama aliyewahi kupigwa na kiharusi.

Mnajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee wangu mmoja anajichoma semaglutaidi kila wiki, ile inayouzwa kwa jina la Ozempic. Anapandisha shati, anaikandamiza ile kalamu tumboni, anabonyeza, anahesabu taratibu mpaka sita, ndipo anaitoa. Na daktari wake hakumwandikia ili apungue. Alimwandikia kwa sababu ya figo.

Ndiyo, figo. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa FLOW. Watu 3,533, wote wana kisukari aina ya pili na figo zimeshaanza kuchoka. Waliopata dawa, hatari ya figo kufeli, au kupoteza nusu au zaidi ya uwezo wake, au kufa kwa ugonjwa wa figo au wa moyo ilishuka kwa asilimia 24. Januari 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya hapa Marekani, ikairuhusu Ozempic kulinda figo za wagonjwa wa namna hiyo. Nyumbani tunajua mtu akianza kusafisha damu inakuwaje: mara mbili tatu kwa wiki, nauli, foleni, ukoo mzima unachangishana kwenye grupu la WhatsApp, mpaka shamba linauzwa. Ndiyo maana habari hii imenikaa moyoni.

Kuna na moyo wenyewe. Utafiti wa SELECT, wa semaglutaidi hiyohiyo, mwaka 2023, ulikuwa na watu zaidi ya 17,000, wanene, hawana kisukari, ila wameshaugua moyo au kiharusi au mishipa ya miguu. Walifuatiliwa miaka mitatu na zaidi. Kati ya kila watu 200 waliochomwa sindano isiyo na dawa, kama 16 walipata shambulio la moyo au kiharusi, au walikufa kwa moyo. Kwa waliochomwa dawa, 13. Tofauti ni watu watatu. Kama mmoja wao ni mama yako, huoni kuwa ni wachache. Na faida ilianza kuonekana mapema, kabla uzito haujashuka sana, kwa hiyo madaktari wanaamini dawa inafanya kazi nyingine mwilini, ikiwemo kutuliza uvimbe kwenye mishipa.

Wanene wenye maumivu ya magoti nao walipata nafuu kwa semaglutaidi. Tirzepataidi, dawa ya jamii hiyohiyo, imeruhusiwa tangu Desemba 2024 kwa watu wanene wanaokatika pumzi usingizini. Lakini si kila kitu. Wale mnaosikia mitandaoni kwamba semaglutaidi inatibu kusahau kwa wazee: Novemba 2025 watengenezaji wake wenyewe, Novo Nordisk, walitangaza kwamba haikupunguza kasi ya Alzheimer.

Sasa bibi harusi wangu. Ukiiacha, uzito unarudi: kwenye utafiti mmoja, mwaka mmoja baada ya kuacha, watu walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Inaleta kichefuchefu, kutapika, mawe kwenye nyongo, na mara chache kongosho kuvimba. Na kama mnatafuta mtoto baada ya harusi, semaglutaidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Nani atakwambia hayo kwenye ukurasa wa Instagram? Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia. Sitamtumia mtu yeyote, msinilaumu.

Wenye wazazi wa kisukari, wapelekeni kliniki wakapimwe kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, na mkojo uangaliwe protini. Hata kama hii sindano hamuimudu, mwulizeni daktari kuhusu dawa za kulinda figo zilizopo hapo hapo kwenye duka la dawa, kama losatani. Ni ya bei nafuu, na inafanya kazi. Majibu yakitoka mzee asipoyaelewa, kaa naye, mrudieni daktari awasomee namba moja moja.