Changombe Hakuna

Ndugu watangazaji, wahariri, na ninyi mnaoandika mabango ya barabarani, habari za asubuhi.

Temeke kuna mahali panaitwa Chang'ombe. Changombe hakuna. Hili nitalirudia hadi mnichoke, maana kila leo utakuta bango, tiketi au stakabadhi imeandikwa Changombe, na wengine, Mungu awasamehe, wanaweka mkato: Chang,ombe. Ile alama ya juu inaitwa ritifaa. Haikuwekwa pale kama hereni.

Jaribuni pamoja nami. Sehemu ya nyuma ya ulimi ipande iguse kaakaa laini, pumzi ipite puani. Sauti hiyo unaweza kuivuta mpaka pumzi ikuishie. Hiyo ndiyo ng' ya ng'ombe. Sasa semeni ngoma. Mnaona? Haivutiki hivyo, kwa sababu mwishoni ulimi lazima uachie na g ipasuke. Kwa hiyo ukisoma Cha-ngo-mbe umetaja mahali pengine, ambapo hapapo. Ni hivyo hivyo kwa Mang'ula kule Kilombero, Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, na Murang'a ya Kenya. Lakini Ngorongoro ina g zake zote mbili. Usizimeze ukadhani ndio utaalamu.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mbona tunaelewana?" Mnaelewana kwa sababu mko Dar es Salaam na kila kondakta anaijua Chang'ombe. Twendeni Usukumani.

Mkoa wa Geita una wilaya ya Nyang'hwale. Utaikuta imeandikwa Nyanghwale, Nyang'wale, hata Nyan'ghwale, ritifaa imehama chumba. Shida ni kwamba hapo pana sauti ambayo Kiswahili sanifu hakina: nazali, yaani sauti ya puani, inayotoka na pumzi tupu, koo halitetemi. Kisukuma kinazo kadhaa, na huandikwa mh, nh, ng'h. Kuipata mh, funga midomo kama unayetaka kusema m, puliza kwa pua kama mtu anayetoa vumbi, halafu achia irabu papo hapo. Usisite katikati.

Kosa la mgeni ni lile lile siku zote: anaipa nazali silabi yake. Neno mhadhara, hili lililotukutanisha, lina silabi nne, m-ha-dha-ra, na ni sawa kabisa. Tatizo ni pale kanuni hiyo inapopandishwa basi na kupelekwa Mhunze, makao makuu ya Kishapu. Mtangazaji anasoma M-hu-nze, silabi tatu. Mwenyeji ana mbili tu: Mhu-nze. Mwanhuzi ya Meatu ni Mwa-nhu-zi. Ukisema Mwa-ni-hu-zi, wazee wa pale watajua umeshuka leo.

Na wazee hao hao hata hawaanzi na Mwa. Wanaanza na Ng'wa. Kwa Kisukuma mwana ni ng'wana, na Mwanza ni Ng'wanza. Wala wasichekwe, kwa sababu hawako peke yao. Wanyarwanda nao, w inapofuata konsonanti, huingiza sauti ya nyuma ya kinywa katikati: mwana husikika kama mng'wana, na nchi yao wenyewe kama Rgwanda.

"Kwa hiyo tubadilishe jina la jiji?" Hapana! Swali hili huja kila mara, na kila mara linaniudhi. Mwanza ni jina la Kiswahili lililokwisha kukomaa, kama Iringa iliyotokana na lilinga la Wahehe, au Machakos iliyotokana na Masaku. Jina lililokomaa liache. Ninachodai ni kwa majina ambayo Kiswahili hakijayapa umbo lake, majina ya vijiji na kata: hayo yafuateni kwa mwenyeji. Tusipofanya hivyo tutarudia ya Bonde la Oldupai, kule Ngorongoro. Wamaasai wanaliita hivyo kwa ajili ya mkonge pori unaoota pale. Mjerumani alifika 1911, p ikageuka v, na mpaka leo dunia inasoma Olduvai.

Namna ya kuuliza. Usimwambie mwenyeji, "Hapa ni Changombe, siyo?" Watu wetu wana adabu, atakujibu ndiyo. Uliza, "Hapa panaitwaje?" kisha nyamaza. Mwache alitaje tena ndani ya sentensi, maana jina linalotajwa peke yake kwa mgeni husafishwa. Rekodi kwa simu. Uliza watu wawili, mzee na kijana. Wakitofautiana, andika matamshi yote mawili. Kwenye karatasi ya kusomea habari weka silabi kwa vistari pembeni ya jina.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: Kyela ni silabi mbili, Kye-la, si Ki-e-la. Lakini usichukue hiyo ukaenda nayo Uganda, kule Kyambogo husikika Chambogo, herufi zile zile. Lamu wenyewe wanasema Amu. R na L siziingii, tutalala hapa.

La mwisho ni kwa wenye kompyuta. Ritifaa ina maumbo zaidi ya moja: iliyonyooka na iliyopinda, na simu nyingi huipinda zenyewe bila kukuuliza. Kwako ni alama moja. Kwa kompyuta ni mbili, na mfumo usioandaliwa ukitafuta kwa moja hauleti ya pili. Ndiyo maana Chang'ombe ipo kwenye orodha na bado unaambiwa haipo. Chagueni umbo moja ofisi nzima, mfumo uligeuze lile lingine wakati wa kuingiza, na msikubali fomu inayokataa alama hiyo. Fundi akisema haiwezekani, mwulizeni wenye majina kama Ng'wandu wao wajiandikeje.

Haya, maswali. Yule mama wa nyuma.