Kengele haimo kwenye leja

MAMA ZUHURA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU MHINA: Marahaba, Mama Zuhura. Mbona sauti imekauka? Vumbi au umelia?

MAMA ZUHURA: Vyote. Wasikilizaji wetu, karibuni. Wiki iliyopita tuliwaahidi mambo matatu: michango ya shule, namna ya kuisoma ripoti ya mtoto, na mwaka 2027, pale darasa la sita na la saba watakapomaliza pamoja kwa sababu ya mtaala mpya. Tutafika huko. Lakini Ijumaa tumefunga shule kule kwetu, na siku hiyohiyo mwalimu mkuu amekabidhi ofisi. Mimi ni mjumbe wa kamati, nilikuwemo. Nikianza na jingine nitakuwa naongea tu, roho iko kule.

MWALIMU MHINA: Basi anza nalo. Kahamishwa yuleyule?

MAMA ZUHURA: Yuleyule. Miaka tisa. Kamfundisha Zuhura kusoma, na mdogo wake. Barua imefika Jumatatu, mwenzake kaingia Jumatano, Ijumaa wanakabidhiana.

MWALIMU MHINA: Ndivyo inavyokuwa. Mimi mwaka mmoja nimehamishwa mahindi yangu yako shambani yanatoa mbelewele.

MAMA ZUHURA: Sasa sikiliza. Tumekaa ofisini, leja, kile kitabu cha mali za shule, iko mezani. Mwalimu mkuu mpya ni mama, mtaratibu, anasoma mstari kwa mstari. Madawati mazima, madawati ya kutengeneza. Vitabu vya kiada. Majembe. Sufuria la uji. Kila kitu anatoka kwenda kukiona kwa macho, anaweka alama. Tukafika chini ya mwembe, akasimama, akauliza, "Na hii?"

MWALIMU MHINA: Kengele.

MAMA ZUHURA: Kengele! Leja yote haimo. Tumerudi nyuma mpaka kurasa zilizoliwa na mchwa, haimo.

MWALIMU MHINA: Ile ya kwenu ni reli au rimu?

MAMA ZUHURA: Reli.

MWALIMU MHINA: Nilijua. Shule nyingi zina rimu ya lori, na rimu ukiipiga inapiga kelele mara moja imenyamaza. Reli inaimba. Ukiigonga, mtoto aliye ng'ambo ya mto anaisikia na bado ana muda wa kukimbia. Mimi nimefundisha shule tatu, mbili za rimu, moja ya reli. Hiyo ya reli hatukuwa na wachelewaji wengi.

MAMA ZUHURA: Hii yetu ni kipande kama urefu wa mkono wangu, kimeninginia kwa mnyororo. Ubavuni kuna maandishi yaliyotoka na chuma chenyewe. Nimepitisha kidole. Kuna herufi mbili sizielewi, halafu moja, halafu nane, halafu kutu.

MWALIMU MHINA: Ngoja, ngoja. Moja na nane? Hiyo reli ya Tanga imeanza kujengwa 1893, Wajerumani. Ilichukua karibu miaka 20 kufika Moshi. Chuma cha namna hiyo huandikwa mwaka kiwandani. Mama Zuhura, mnawaita watoto darasani kwa chuma cha karne ya kumi na tisa!

MAMA ZUHURA: Na kilivyofika pale, wazee wanasema alikileta mzee mmoja aliyekuwa kibarua wa reli, marehemu sasa. Alikibeba begani yeye na wanawe. Shule ilikuwa ya miti na udongo. Kwa hiyo mwalimu mkuu mpya alipouliza, mjumbe mwenzangu akajibu, "Hiyo si ya shule, mama. Hiyo ni ya kijiji."

MWALIMU MHINA: Akasemaje?

MAMA ZUHURA: Akasema, "Basi naiandika leo." Akafungua kalamu. Na mimi nikasema hapana.

MWALIMU MHINA: Ukasema hapana kwa nini?

MAMA ZUHURA: Nitakwambia. Kwanza nikwambie habari ya mtoto. Kengele ile ina taimukipa wake. Wa darasa la saba alimaliza mtihani Septemba, akaondoka, akapokewa na kijana wa darasa la sita. Hana saa. Mwalimu mkuu alikuwa anamwazima ya kwake, ya mkononi. Mkanda umekatika, umefungwa kwa uzi wa mkonge. Asubuhi anaichukua ofisini, jioni anairudisha. Sasa Ijumaa, mzee anafunga mizigo, saa ni yake, kaichukua. Haki yake. Mtoto akabaki anatazama kivuli cha mwembe. Kengele ya kufungia shule kaipiga kabla ya wakati, tena ndefu. Watoto wakatoka mbio kabla mgeni rasmi hajamaliza kusema.

MWALIMU MHINA: Maskini. Alikuwa anaipigaje?

MAMA ZUHURA: Kwa nati kubwa.

MWALIMU MHINA: Nauliza mapigo. Mstarini ni mapigo ya mfululizo, kipindi ni moja moja, na dharura inapigwa haraka bila kupumzika. Kila shule ina yake. Mwalimu mgeni asipofundishwa, siku ya moto atadhani ni mapumziko.

MAMA ZUHURA: Umeona sasa? Hapo ndipo ninaposimama mimi. Mapigo hayo yako kwenye leja ipi? Yule mzee alikuwa anajua watoto wanaotoka kambi ya mkonge wanatembea bila kula, na alikuwa anawapa uji kabla ya mstari ili wasione aibu mbele ya wenzao. Alikuwa anajua mama gani ukimwita shuleni atakuja, na yupi ukimwita mtoto atapigwa nyumbani. Siku tano! Amemwambia nani hayo? Wamehesabu majembe.

MWALIMU MHINA: Mama Zuhura, hapo sikubaliani nawe.

MAMA ZUHURA: Sema.

MWALIMU MHINA: Kosa ni la mzee. Simvunjii heshima, ni mwalimu mwenzangu. Lakini miaka tisa anajua habari za watoto wale, mbona hakuziandika? Kuna kitabu cha kumbukumbu za shule, kuna mwalimu wa malezi. Jambo linalokaa kichwani mwa mtu mmoja, akiugua limeugua nalo. Tangu 2016 mwalimu mkuu analipwa posho ya madaraka, ilianza kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Nchi inamlipa kushika cheo, na cheo kinahama.

MAMA ZUHURA: Unaandikaje kwamba mama fulani anampiga mtoto? Daftari lile atalisoma nani? Mambo mengine yanasemwa mdomo kwa mdomo, watu wawili wamekaa, na yanataka siku. Wangewapa hata mwezi mmoja wakae wote. Desemba hii yote shule imefungwa, wangezunguka naye nyumba kwa nyumba.

MWALIMU MHINA: Mafahali wawili hawakai zizi moja.

MAMA ZUHURA: Hawa si mafahali, Mwalimu. Ni walimu.

MWALIMU MHINA: Nisikilize. Mimi nimewahi kuwa huyo mgeni. Nilipokea shule ya mtu aliyependwa. Mwaka mzima, nikiitisha kikao, mzazi anasimama: "Yule wa kwanza hakuwa anafanya hivi." Nikinunua chaki: "Yule wa kwanza alinunua kwa fulani." Na huyo wa kwanza alikuwa bado anaishi palepale, anapita jioni kusalimia, na kila akipita mimi napungua. Nilikuwa nalala nikitamani ningeachwa peke yangu na leja yangu hata kama ni mbovu. Ndiyo maana nasema akabidhi, aende. Na kengele iandikwe. Kisipoandikwa hakina mlinzi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita na mizani kila wiki. Siku kikiibwa, mkienda kituoni mtaulizwa ni mali ya nani.

MAMA ZUHURA: Tutasema yetu.

MWALIMU MHINA: Yenu nani? Mna karatasi?

MAMA ZUHURA: Ipo pale miaka hiyo yote bila karatasi, na hakuna aliyeigusa, kwa sababu kila mtu anajua ni yake. Siku ikiandikwa namba, inakuwa mali ya serikali, na mali ya serikali ikichakaa inafutwa kwenye leja. Mwalimu mkuu mpya amesha­taja kengele ya umeme.

MWALIMU MHINA: Kwa fedha ipi? Ruzuku ya uendeshaji, elimu bila ada ilipoanza, ilipigiwa hesabu ya 10,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Humo kuna chaki, kuna mitihani, kuna matengenezo. Hawezi kununua kengele.

MAMA ZUHURA: Atatuchangisha.

MWALIMU MHINA: Hapo sasa tungeingia kwenye michango, jambo letu la kwanza.

MAMA ZUHURA: Usinihamishe. Nijibu: ungekuwa wewe, watoto wa kambini ungewajuaje Januari?

MWALIMU MHINA: Kwa kuwatazama. Ningekaa langoni wiki ya kwanza, nione nani kafika miguu ina umande mpaka magotini. Huyo katoka mbali.

MAMA ZUHURA: Wiki ya kwanza. Na mtoto wa wiki ya kwanza aliyezimia mstarini?

MWALIMU MHINA: Mama Zuhura...

MAMA ZUHURA: Sikukasirikii wewe. Nakuuliza tu, na huna jibu.

MWALIMU MHINA: Sina. Na wewe hujanijibu habari ya mimi kupungua kila jioni.

MAMA ZUHURA: Sijakujibu.

[Kimya kidogo]

MAMA ZUHURA: Fundi ananionyesha vidole vitatu. Dakika tatu! Wasikilizaji, ripoti za watoto mnazo mikononi na hatukuzisoma, na hiyo 2027 hatukuigusa. Tutarudi nazo Januari.

MWALIMU MHINA: Kabla hatujatoka. Siku ile iliishaje? Aliandika, hakuandika?

MAMA ZUHURA: Aliacha mstari mtupu. Akasema suala litapelekwa kwenye kikao cha kamati shule ikifunguliwa.

MWALIMU MHINA: Mama huyo ana busara. Basi mkimwachia aandike, namba iwekwe juu, karibu na mnyororo. Wasipake rangi pale inapopigwa, sauti itakufa.

MAMA ZUHURA: Sijasema iandikwe.

MWALIMU MHINA: Nimekusikia. Na kijana naye? Januari atapiga kwa kivuli tena?

MAMA ZUHURA: Siku ya mawingu, Mwalimu, kivuli hakuna. Nimemwachia simu yangu ndogo ile ya tochi. Ina saa. Nimemwambia aiweke chaji kwa jirani.

MWALIMU MHINA: Umeiandika mahali?