Kipimajoto Hakisomi Chuma King'aacho

Mafundi wenzangu wa Nakuru, asanteni kwa kufunga kazi mapema. Bastola hii ya kupimia joto bila kugusa mnaijua, kwa hiyo sitawafundisha kuifyatua. Nina neno moja, na wanaonijua wamelichoka, lakini nitalisema tena: kipimajoto hiki hakisomi chuma king'aacho!

Kinachosomwa ni miale ya joto inayotoka juu ya kitu. Mpira, kutu, masizi na rangi isiyong'aa hutoa miale hiyo karibu yote, asilimia 95 hivi. Aluminiamu iliyosuguliwa hutoa kama asilimia 5 hadi 10 tu. Mingine inayofika kwenye kifaa ni ya vitu vya pembeni, imeakisiwa kama sura kwenye kioo. Kiwango hicho cha kutoa miale ndicho kinachoandikwa emisiviti kwenye kasha, na vifaa vingi vya bei ya chini vimefungwa kwenye 0.95, yaani asilimia 95, huwezi kubadilisha.

Sasa elekeza kifaa hicho kwenye kifuniko cha aluminiamu safi cha themostati (vali inayofungulia kulanti, yaani maji ya kupozea injini, yaende kwenye rejeta), chenye nyuzi 90 kwelikweli. Kinaweza kukuonyesha 35. Fundi anaamua themostati imekwama, anafungua, anamwaga kulanti, mteja anatozwa nyingine, na ile ya kwanza ilikuwa nzima. Geuza upande: kifuniko hichohicho kikiwa karibu na manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote) iliyopata moto, utasoma joto la manifoldi.

Mtu ataniambia, basi nitanunua kile cha kufika nyuzi 550. Hapana. Upana wa nyuzi haurekebishi kosa hili hata kidogo. Themostati nyingi hufunguka kati ya 82 na 90, rejeta haiko mbali na hapo. Kinachofika 380 kinatosha kazi nyingi za gereji, isipokuwa unashughulika na tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi) na ekzosi ya lori linalovuta mzigo.

Dawa ni rahisi. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, au ile ya karatasi ya wapaka rangi, subiri dakika moja ishike joto la chuma, kisha pima juu ya tepu. Kwenye moto mkali tepu itaungua; hapo puliza rangi nyeusi isiyong'aa ya kustahimili joto. Lakini usiipulize kwenye uso wa diski ya breki unaosuguliwa na pedi! Pima ukingo wenye kutu.

Tepu yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo angalia uwiano wa umbali na upana wa duara linalopimwa. Cha 8:1, ukisimama sentimita 40, kinapima duara la sentimita 5. Cha 12:1 kinafika 60 kwa duara hilohilo. Taa nyekundu ni ya kulengea tu, haipimi kitu, na kwa kuwa iko juu ya lenzi, ukikaribia sana doa lake linakuwa juu ya mahali panapopimwa. Ukipata cha 12:1 chenye emisiviti ya kurekebishwa, chukua hicho, uache chenye namba kubwa za nyuzi.

Vile vya paji la uso vilivyobaki tangu korona, viacheni nyumbani. Vinaishia kama nyuzi 43.

Kabla ya kulipa, kijaribu kwa barafu iliyopondwa ndani ya maji, koroga, pima juu yake: kisome sifuri, kikizidi au kupungua nyuzi mbili ni sawa. Usijaribu kwa maji yanayochemka. Mvuke huziba lenzi, na tena kwa mwinuko wa hapa Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Kisumu 96. Wapo wanaodai 100 na kurudisha kifaa kizima dukani.

Muda unaisha, nimalizie breki. Lori likishuka mteremko wa Sachang'wan, pima drami za ekseli moja, kushoto na kulia, mara tu linaposimama. Usikimbilie ile ya moto peke yake. Ile baridi huenda ndiyo isiyoshika, na mwenzake anabeba kazi ya wawili. Injini ambayo silinda moja haichomi mafuta nayo, iwashe ikiwa baridi, iache kama nusu dakika, upime kila mdomo wa manifoldi yenye kutu. Ulio baridi kuliko wenzake, anza na plagi yake.